Kidude Kisicho na Shangazi

Nianze na aibu yenyewe, tuimalize mapema. Mchana mmoja pale Diani nilisimama mbele ya mlango ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeufungia king'ora cha wezi. Nyuma yangu walikuwapo mwenye nyumba, askari polisi, bawabu wa geti, na shangazi yangu aliyenilea. Nikaufungua mlango ili king'ora kilie. Hakikulia. Nikaufunga, nikaufungua tena kwa nguvu zaidi, labda hakikuona vizuri. Kimya. Nikaingia, nikatoka, nikaingia kwa kunyata kama mwizi wa kwenye sinema, maana huenda kilitaka mwizi wa sawasawa. Kimya. Na kwa vile watu walikuwa wananitazama, na kelele nilikuwa nimekwisha kuziahidi, nikazitoa mimi. Kwa mdomo. Nikasema, "Wiuuu, wiuuu," halafu nikawaeleza kwamba ndivyo kingelia kama kingelia.

Polisi akaacha kuandika. Nadhani hakujua neno hilo linaandikwaje.

Sasa nieleze nilifikaje pale.

Shule niliishia kidato cha pili. Wengine husema waliacha kwa kukosa karo. Kwangu mimi karo ilikuwapo, kilichokosekana ni mwanafunzi. Mwalimu wa fizikia alitufundisha habari za sumaku karibu muhula mzima, na nilichotoka nacho ni kwamba ncha zinazofanana huchukiana, jambo ambalo nilikuwa nimekwisha kuliona nyumbani kwa wake wawili wa ami yangu. Basi nikarudi Msambweni, nikakaa barazani nikingoja kazi inifuate. Kazi haikuwa na haraka.

Miaka ile ya mwisho ya tisini hoteli nyingi za Diani zilikuwa zinapumua kwa taabu. Kulikuwa na zile fujo ambazo kila mtu huku anazijua na hakuna anayezitaja akiwa anakula, halafu ikaja mvua ya Elnino ikabeba barabara. Wageni wakakata shauri kutupenda wakiwa mbali. Vijana waliokuwa wakibeba trei za vinywaji wakarudi kubeba majembe. Biashara moja tu ilinenepa, nayo ni biashara ya hofu. Kila mwenye nyumba ya ufuoni alitaka geti refu, mbwa mkali, na kitu cha kupiga kelele. Na hapo ndipo alipotokea fundi mmoja wa Mombasa mjini, mtu wa maneno machache na sigara nyingi, aliyekuwa akitafuta kijana wa kumtobolea kuta. Alinichukua kwa sababu nilikuwa mrefu. Sikuwa na cheti kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vidude. Fundi alikuwa na jina la Kizungu la kuviita, lakini mimi nilisema kidude, na wateja wakasema kidude, na mwishowe hata yeye akasema kidude. Ni vipande viwili vya plastiki nyeupe, kila kimoja kama kidole cha mtoto. Kimoja kina sumaku ndani, hicho hupigwa kwenye mlango, juu kabisa. Cha pili kina waya, hicho hupigwa kwenye kizingiti cha juu, ubavuni mwa mwenzake. Ndani ya hiki chenye waya mna vijiti viwili vya chuma, vyembamba kama unywele. Mlango ukiwa umefungwa, sumaku iko karibu, vijiti vinashikana na umeme unapita. Mlango ukifunguka, sumaku inakwenda zake, vijiti vinaachana, na kile kisanduku kilichofichwa kabatini kinajua kwamba kuna mtu. Kisanduku kinaamrisha king'ora, king'ora kinaamsha mtaa. Hekima yote ndiyo hiyo. Ndoa nyingi ninazozijua zingefaa kufungiwa kimoja.

Waya ndio uliokuwa mateso. Kuta za nyumba za ufuoni ni za mawe ya matumbawe, na jiwe la tumbawe likitobolewa halitoi vumbi, latoa kisasi. Nilikuwa nikishuka ngazi nimekuwa mweupe kama maiti iliyooshwa. Lakini nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza maishani watu waliniita fundi, na mimi sikuwasahihisha.

Shangazi yangu alikuwa mpishi na mwangalizi kwenye nyumba ya mama mmoja wa bara, mwenye duka la vitambaa Nairobi. Mama huyu alikuja Diani wakati wa likizo tu. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa mikononi mwa shangazi. Shangazi ni mtu ambaye Msambweni hahitaji kujulishwa. Masufuria makubwa ya kikundi cha kina mama, yale ya harusi na matanga, yanalala kwake, kwa sababu kila mmoja alikubali kwamba kwake hata kifuniko hakitapotea. Mimi nimelelewa naye tangu mama yangu alipofariki, nikiwa natambaa. Mama wa bara aliposema anataka king'ora, shangazi alimwambia, "Nina mwanangu, yuajua mambo ya waya." Kazi tukaipata kwa neno lake. Hilo nalitaja mapema ili mjue nilivyomlipa.

Nyumba ile ilikuwa na madirisha ya vyuma na mlango mmoja wa kuingilia, na mlango huo ndio uliokuwa roho ya mwenye nyumba. Ulikuwa mlango wa kuchongwa, wa pande mbili, wa namna yetu ya pwani, wenye maua na minyororo na njumu za shaba. Aliununua kwa mchongaji, akausafirisha kwa lori, na akatuambia kabla hata hatujafungua sanduku la vyombo kwamba atakayetoboa maua yake, naye atatobolewa.

Kwa asiyeijua milango yetu, nieleze. Katikati kuna ubao mrefu uliochongwa, unaitwa mfaa, nao umepigiliwa kwenye upande mmoja wa mlango. Upande huo wenye mfaa hukaa umefungwa kwa komeo la ndani. Watu huingilia upande wa pili. Ukipita mahali ukaona pande zote mbili ziko wazi, basi ama wanaingiza kabati, ama wanamtoa bibi harusi, ama wanatoa jeneza. Mtoto wa Msambweni huyajua haya kabla ya kujua kuvaa kaptura. Mimi niliyajua. Nimekua kwenye nyumba ya mlango kama huo, umbile hilohilo, ila wetu maua yake yalikuwa yameliwa na mchwa.

Siku ya kufunga, fundi mkuu alikuwa kwenye nyumba ya jirani akishindana na pampu ya kisima ya umeme wa jua. Aliniuliza kwa mbali milango ya kuingilia ni mingapi. Nikasema mmoja. Akanirushia kidude kimoja. Hesabu sahihi kabisa, mwalimu wangu angefurahi.

Nikapanda ngazi. Upande wa kushoto, ule wa kuingilia, kizingiti kilikuwa kimejaa maua mpaka kwenye pembe. Upande wa kulia, wenye mfaa, kulikuwa na nafasi ndogo tupu, na waya wangu ulikuwa unatokea hapohapo, karibu, kana kwamba umeandaliwa. Nikashukuru kwa bahati yangu, nikakipiga kulia. Bawabu, mzee wa Kidigo mwenye heshima zake, alisimama chini akitazama. Akaniuliza ni maalim gani aliyekisomea dua. Nikamwambia kimesomewa Taiwan. Akatikisa kichwa, akasema maalim wa huko hawajui.

Halafu ikaja saa ya kukabidhi, na mimi nilipenda sana saa ya kukabidhi. Mama mwenye nyumba akakaa kwenye kiti. Shangazi akaja na trei ya maji ya ukwaju. Fundi mkuu akawasha sigara. Nikabonyeza namba ya siri, nikangoja taa iwe nyekundu, nikaushika mlango kwa mikono miwili na kuzifungua pande zote mbili kwa mpigo, kama sultani anatoka kwenda kusalimia watu wake. King'ora kikalia mpaka kunguru wakaondoka kwenye miti ya jirani. Wote wakaziba masikio, na mimi nikatabasamu kama vile ni sauti yangu.

Kisha nikatoa hotuba. Hakuna aliyeniomba. Nilimwambia mama yule, "Wote ulio nao hapa wana ndugu. Bawabu ana ndugu, mpishi ana ndugu, hata mimi nina ndugu. Lakini kidude hiki hakina shangazi wala mjomba. Kikinyamaza, jua mlango haukufunguliwa. Basi."

Mama akaipenda hotuba. Shangazi naye alinitazama juu ya trei yake kwa fahari, mtoto wake amesema maneno mbele ya watu wakubwa.

Nyumba ikakaa. Mchana king'ora kilikuwa kinazimwa, maana shangazi alikuwa ndani akifagia na kupika. Akiondoka alifunga mlango kwanza, ndipo akabonyeza namba kwenye vitufe vya barazani na kukiwasha, na akirudi alikizima hapohapo kabla ya kufungua. Kwa hiyo kidude kilikuwa kinaulizwa swali wakati nyumba haina mtu tu, na wakati huo hakuna aliyefungua mlango, na kidude kilinyamaza, na sote tulikisifu kwa kunyamaza vizuri.

Mpaka siku ile. Nilikuwa Ukunda, nimekaa na wenzangu, bawabu akanijia na baiskeli. Nikamwamkia shikamoo ya haraka, kwa aibu maana yeye ndiye mkubwa na ndiye aliyenifuata, akasema naitwa kwa mama, kuna maneno ya kidude. Zaidi ya hapo hakusema. Angekuwa mtu mwingine ningeuliza. Mimi nilikimbilia kubadilisha shati. Naitwa kwa utaalamu, nani kama mimi. Nikachomeka testa ya umeme kwenye mfuko wa kifua, kama daktari na kalamu yake, nikapanda nyuma ya baiskeli ya mzee wa watu, nikamwacha anikanyagie.

Nilimkuta mama mwenye nyumba barazani na askari polisi, kijana mpole, daftari magotini. Mama alikuwa amefika kutoka Nairobi na wageni, akataka kuwaonyesha kaseti ya harusi ya binti yake, na alipokwenda kuwasha deki ya video akakuta waya wa antena unaning'inia peke yake. Deki haipo. Mlango mzima, kufuli nzima, madirisha mazima.

"Hebu niambie," akaniuliza, "hii kitu yako inaweza kosa kulia na mtu amefungua mlango?"

Nikacheka kidogo, kicheko cha kitaalamu. Nikasema haiwezekani.

"Hata kidogo?"

Hapo nikavuta kiti bila kukaribishwa. Nikawaeleza sumaku, nikawaeleza vijiti, nikamchorea polisi kwenye daftari lake. Nikasema king'ora kinyamaze na mlango umefunguliwa, labda siku ya kiyama. Nikasema kama hakikulia, basi aliyeingia alikizima kwanza, na kukizima ni kwa namba ya siri. Nikamgeukia polisi, nikamshauri kwa upole jinsi ya kufanya kazi yake. "Afande, tafuteni mwenye namba. Mkimpata huyo, mmempata mtu wenu."

Polisi akamtazama mama.

"Namba ni yangu na ya shangazi yako," mama akasema. "Na mimi nilikuwa Nairobi."

Sijui mmewahi kukalia kiti kikaondoka na nyinyi bado mmekaa. Niligeuka. Shangazi alikuwa mlangoni mwa jikoni, kwenye kigoda, leso imekaa vizuri mabegani, mikono mapajani. Alikuwa pale muda wote. Alikuwa amesikia sumaku, vijiti na kiyama.

Nikamwamkia. Akasema marahaba, kwa sauti ileile ya kila siku, ambayo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kisha akauliza, "Mwanangu, wasema kweli? Hicho chako hakikosei?"

Nikaanza kukitafutia kidude maradhi. Nikasema kuna chumvi ya bahari. Nikasema kuna mchwa, kuna mijusi, mijusi ya Diani ni mibaya. Nikasema mvua ya mwaka ule haikuwa ya kawaida.

"Lakini saa hii tu umesema haiwezi," mama akasema. "Sasa imeanza kuweza?"

Polisi hakuwa mtu mbaya. Akaniambia taratibu kwamba mama mpishi atalazimika kwenda naye kituoni kuandikisha maelezo, na maelezo yangu ndiyo yatakayokwenda pamoja naye, kwa hiyo bora tuhakikishe. Kama kidude kiko salama, basi. Kama kina ubovu, tuuone. Akasema, "Hebu tuonyeshe."

Basi hapo ndipo tulipoanzia. Mama akabonyeza namba, taa ikawa nyekundu, nikasogea mlangoni. Nataka muelewe nilivyokuwa. King'ora kikilia, fundi ni fundi, na shangazi yangu anapanda gari la polisi mbele ya wauza madafu wote wa barabara ya Diani, mtu ambaye Msambweni nzima imemwekea masufuria yake. King'ora kisipolia, shangazi amepona, na mimi ni mpumbavu. Mtu mwenye akili hapo hana la kuchagua. Angeomba dua kidude kife palepale.

Nikafungua mlango. Nilifungua kama mtu anayeingia nyumbani, upande wa kushoto, mkono mmoja. Kimya. Shangazi ameokoka. Na mimi, badala ya kusema alhamdulillahi nikaenda kukaa, nikashikwa na uchungu wa kazi yangu. Nikaufungua tena. Nikanyata. Nikakitetea kidude. Na kiliposhindwa kabisa kujitetea, nikalia kwa niaba yake, "Wiuuu, wiuuu," dhidi ya shangazi yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo aibu niliyowaambia, sasa mnaijua nje na ndani.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu.

Nikainua macho kumtafuta yule mjusi. Badala ya mjusi nikakiona kidude. Kilikuwa kimetulia juu ya upande wa kulia, upande wa mfaa, na upande huo ulikuwa umefungwa kwa komeo, haujatikisika. Sumaku na mwenzake wamelala ubavu kwa ubavu, hawana habari ya mtu. Nimeingia na kutoka pale kwa upande wa kushoto kama mbuzi, na wao wanaapa mlango haukufunguliwa. Na kwa upande wao wasema kweli.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikainua komeo, nikauvuta upande wa kulia, na king'ora kikalia kama siku ile ya hotuba. Wageni wa mama wakatoka chumbani mbio. Mama akakimbilia vitufe, kwa wasiwasi akakosea namba, kikazidi. Kiliponyamazishwa, masikio bado yanavuma, shangazi akasema kutoka kwenye kigoda chake, polepole, kama anajisemea:

"Upande wa jeneza. Mwanangu ameweka mlinzi upande wa jeneza."

Bawabu akaangalia chini. Yule mzee alikuwa ameniona siku ile nikikipiga kulia, na najua alifikiri ndivyo Taiwan walivyoagiza.

Polisi akauliza kwa nini siku ya kukabidhi kililia. Nikamwambia nilifungua pande zote mbili. Akauliza kwa nini mtu afungue pande zote mbili na hakuna harusi. Nikasema kwa ajili ya kupendeza. Akafunga daftari, akamwambia mama kwamba shahidi wake ana jicho moja, na jicho lenyewe linatazama ukuta, kwa hiyo hawezi kumchukua mtu kwa maneno ya shahidi huyo. Akaaga vizuri, akaondoka.

Mama wa bara alikuwa na haya, nakiri. Alimwendea shangazi akasema, "Pole, mama. Si unaona ni hii kitu? Wacha tu tuendelee na kazi." Shangazi akasema hapana neno. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya friji. Akaosha vikombe tulivyonywea chai, maana hakutaka kuacha vyombo vichafu. Halafu akajifunga leso, akasema kwaheri kwa kila mmoja, mimi nikiwamo, akaenda zake Msambweni.

Deki ilijirudisha. Haikupita muda, mdogo wake mwenye nyumba, kijana aliyekuwa na baa Ukunda, alikuja nayo kwapani ikiwa haisomi tena kanda, kuuliza kama dada yake anamjua fundi. Alikuwa ameiazima, akasema, vijana wa baa watazame mpira. Alikuwa na ufunguo wake wa nyumba, dada alimpa zamani akasahau. Alikuja siku ambayo shangazi alikuwa matangani, akafungua upande wa kushoto kama binadamu mwingine yeyote, akaingia, akatoka.

Mama akamwita bawabu kwa hasira. Si aliulizwa na polisi kama kuna mtu aliingia? Bawabu akajibu kwa adabu zake zote kwamba aliulizwa kama aliingia mwizi. Ndugu wa mwenye nyumba si mwizi, ni mgeni, na yeye hawezi kumtaja mgeni wa mama mbele ya polisi. Hayo ndiyo malezi yetu. Tungekuwa na adabu kidogo zaidi, shangazi angefungwa.

Mama akanituma mimi Msambweni kumwambia shangazi yamekwisha, arudi. Nikaenda. Shangazi akanikaribisha mkekani, akaniletea chai ya maziwa na mahamri ya moto, akaniuliza hali ya afya yangu, hali ya fundi mkuu, hali ya wenzangu wote wa Ukunda. Kila nilipofungua mdomo kuomba radhi, aliniongeza chai. Mtu akikutukana unajua ulipo. Shangazi alinikirimu mpaka nikatoka jasho. Nilirudi Diani na tumbo limejaa na jibu hakuna.

Mara ya pili tukaenda pamoja, mimi na mama mwenye nyumba, na yeye akiwa na kanga mpya kwenye mfuko. Shangazi akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaziweka kando. Mama akajieleza. Alikuwa amechanganyikiwa, akasema, na kila mtu siku hizi anaogopa, na sasa ukweli umejulikana, kwa hiyo hakuna haja ya maneno mengi, si sisi watatu tunajua?

Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akazisogeza zile kanga mbele ya mama, akasema, "Mama, mlinitaja kwa wizi mbele ya watu. Bawabu alisikia, wageni wako walisikia, wauza madafu waliona polisi. Na hapa kijijini yamekwisha kufika. Juzi kina mama wamekuja kuchukua masufuria yao, wakasema ati wanataka kuyahesabu. Mimi sitaki kanga. Mnisafishe mbele ya watu, kama mlivyonichafua."

Mama akanitazama. Nadhani alitaka nimwambie kwamba huku kwetu hayo ni maneno tu, yatapoa. Nikamwambia hayapoi.

Basi tukazunguka sote watatu. Sipendi kukumbuka, lakini nimeanza na baya zaidi, hili litapita. Tulianza palepale Msambweni, nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, mama wa bara na viatu vyake vya Nairobi akiwa amekaa kwenye mkeka miguu haijui pa kwenda. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba shangazi yangu hakuiba kitu, aliyechukua ni ndugu yake yeye. Alilisema hilo la ndugu kwa taabu, kama mtu anayemeza mwiba, lakini alilisema. Kisha wakanigeukia mimi. Kina mama walitaka kuelezwa ni vipi. Nikawaeleza. Nikafika pale penye upande wa mfaa, wakanizuia, wakaniomba nirudie. Nikarudia. Mmoja akauliza kwa mshangao wa kweli, "Wewe si umezaliwa hapa?" Nikasema ndiyo. Wakatazamana. Huko nyuma mtu akasema taratibu, "Maskini, ni yatima," na ndio utetezi bora niliowahi kupata.

Kutoka hapo tukaenda Diani kwa wauza madafu, kwa mshona nguo wa njia panda, kwa wageni wa mama waliokuwa bado hawajarudi bara. Kila mahali ilikuwa ni mimi na upande wa jeneza. Kufikia mwisho nilikuwa naisimulia vizuri, na mikono, nikaanza hata kuipenda, mpaka shangazi akanitupia jicho. Jioni hiyo masufuria yalirudi kwake, yakibebwa vichwani, na mwenyekiti mwenyewe mbele. Hakuna aliyeyahesabu. Kesho yake shangazi aliichukua aproni yake juu ya friji, akaanza kuunga mchuzi.

Fundi mkuu akaja kupiga kidude cha pili, upande wa kushoto, kwa mkono wake, katikati ya maua, na mama hakusema neno juu ya maua. Fundi naye hakunigombeza. Aliniambia tu nimshikie ngazi, na akanishikisha ngazi kwa miezi.

Wiki ile nilikwenda kunyolewa Ukunda. Kinyozi alikuwa rafiki yangu, kijana wa bara aliyekuja pwani kutafuta kazi ya hoteli akakuta hoteli zimefungwa, akanunua mashine ya kunyolea akabaki. Yeye huniambia mambo ambayo watu wa kwetu huyapitisha kwa chai. Nikamsimulia yote, na mikono, na wiuuu yenyewe, nikimngoja acheke. Alicheka kweli, mpaka akainua mashine isije ikanikata. Halafu akaninyoa upande mzima, akanipuliza nywele shingoni.

"Shukuru watu walikuwa wengi pale," akasema. "Ungeona hilo kosa lako ukiwa peke yako, ungepanda ngazi pole pole, uhamishe hiyo kitu upande ule mwingine, ushuke, unyamaze, na shangazi yako aende na polisi."